Khaen ndiyo inayoamua: molam ilivyoingizwa umeme

Ukisikia molam ya siku hizi, muziki wa kuimba wa Walao, ikitoka kwenye lori la maandamano ya sherehe huko Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, cha kwanza kukuvuta ni phin, chombo cha nyuzi: mlio mkali wa waya unaozunguka juu ya besi na ngoma. Ila anayetaka kujua bendi ile imepangwaje aanze na khaen, chombo cha mianzi cha kupuliza walicho nacho Walao wa pande zote mbili za mto Mekong.

Khaen ya kawaida ina mabomba 16, safu mbili za 8, yaliyopitishwa kwenye kisanduku cha mbao cha kupulizia. Ndani yake kila bomba lina ulimi mwembamba wa chuma, na mianya yote huzibwa kwa khisut, nta nyeusi ya nyuki wadogo wasiouma. Bomba halilii mpaka uzibe kitundu chake kwa kidole, nalo hutoa sauti ileile ukipuliza au ukivuta pumzi. Akitaka sauti moja iendelee chini ya wimbo wote, mpulizaji hubandika kidonge cha nta hiyohiyo juu ya kitundu, vidole vikabaki huru.

Bahati ya molam iko kwenye mpangilio wa sauti. Toni na nusu toni za khaen ziko karibu sana na za gitaa na kinanda. Muziki wa kifalme wa Thailand ya kati hugawa oktavi kwa hatua 7 zinazokaribia kulingana, kwa hiyo ukiuwekea kinanda cha kawaida kuna sauti zitakazogombana tu. Khaen haigombani.

Tatizo ni kwamba huwezi kuituni jukwaani. Ili kupandisha sauti, fundi huchomoa bomba kwenye nta na kukwangua ncha ya ulimi. Ili kuishusha, hukwangua karibu na shina la ulimi. Akizidisha kidogo, ulimi umeharibika. Ndiyo maana gitaa, besi na phin hutuniwa kwa kuifuata khaen, na mpulizaji huhitaji khaen zaidi ya moja, maana mwimbaji wa kike na wa kiume hawakai kwenye ufunguo (kimo cha sauti) mmoja.

Umeme nao hauingii ndani ya khaen. Hakuna waya wa chuma wa kunaswa na sumaku, kwa hiyo kilichobaki ni maikrofoni. Isimamishe usawa wa mikono, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye kisanduku. Ukiisogeza karibu zaidi utapata pumzi na mkwaruzo; ukiirudisha mbali, ngoma zitaingia na spika zitaanza kupiga mluzi. Kata sauti zote zilizo chini ya hezi 100, hutapoteza noti hata moja. Wengine huamua kutumia kinanda chenye sauti ya khaen. Kwa harusi kinatosha, ila ukisikiliza kwa makini utachoka: pumzi haipo.

Phin ndiyo iliyoupokea umeme kwa mikono miwili. Ni chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu, kwa kawaida nyuzi 3, kinachochongwa mara nyingi kwa mti wa mfenesi. Mjini Ubon Ratchathani, Nopphadon Duangphon alianzisha bendi ya Phet Phin Thong mwaka 1971, na mpiga phin wake, Thongsai Thapthanon, ndiye anayetajwa sana kwa kuipeleka phin kwenye amplifaya.

Ukitaka kutengeneza yako, usianze na phin yenye tumbo wazi. Mbele ya spika kubwa tumbo lile hutetemeka lenyewe na mlio hauishi. Tumia kiwiliwili cha mbao isiyo na uwazi. Pikapu ya gitaa, yaani kinasa sauti cha sumaku, ina vichwa 6 vya sumaku, wewe una nyuzi 3, na uzi utakaoangukia katikati ya vichwa viwili utasikika hafifu. Chagua pikapu yenye upau mmoja wa chuma, tena ya koili mbili, kwa kuwa ya koili moja huvuma hezi 50 jenereta ikiwa karibu. Kwa tuni ya E-A-E, nyuzi za gitaa la umeme za 1, 3 na 4 zinafaa: ya kwanza inabaki E, ya tatu unaipandisha toni moja hadi A, ya nne nayo toni moja hadi E. Shingo ya phin ikiwa fupi kuliko ya gitaa, mkazo huo wa ziada unapungua. Nyuzi za shaba za gitaa la kawaida achana nazo, sumaku hainasi vizuri msokoto wake.

Halafu zipo freti, vijiti vya shingoni vinavyogawa noti. Phin ya kienyeji haina nusu toni zote, kwa hiyo mpiga kinanda akihama ufunguo katikati ya wimbo, phin inabaki nyuma. Wapo wanaoongeza freti zote kama za gitaa. Napendelea zile chache: kidole kinateleza bila kutafuta, na ule mzunguko wa haraka wa lai yai, mojawapo ya mizani za sauti za khaen, unatoka safi. Lam sing, mtindo wa kasi ulioshika Khon Kaen miaka ya 1980 na unaohusishwa na Ratri Sriwilai, unaudai hasa mzunguko huo. Juu yake weka pedali ya feiza, ile inayozungusha sauti kama wimbi, kwa kasi ya chini. Ukiiendesha kasi, noti zinazofuatana haraka zinamezana na msikilizaji haufuati tena wimbo.