Jicho Bila Kidole

Juzi binti yangu alichukua simu, akaielekeza kwenye orodha yangu ya soko, ikasoma: sukuma wiki, dhania, vitunguu, chumvi. Mwandiko wangu huo! Hata karani wangu wa miaka mingi bado huja kuniuliza hapa nimeandika nini. Mtoto akashangaa.

"Mama, nani aliifundisha kusoma?"

"Watu wengi."

"Wanaitwa nani?"

Nikamtuma dukani.

Mwisho wa Julai 2021 Afrika Kusini ilikuwa imetoa hataza, ile hati ya kulinda uvumbuzi mpya, yenye jina la mashine kama mvumbuzi. DABUS, ule mfumo wa akili unde wa Stephen Thaler, uliodaiwa kubuni chombo cha chakula na taa ya kumetameta. Simu yangu haikupumzika. Kila aliyewahi kunisikia nikitamka neno hataza alitaka kujua kama sasa roboti ndizo zitakazokuwa wateja wangu. Nilikuwa nikijibu kwamba kule ombi halichunguzwi kwa undani kabla ya kupitishwa, lakini nani ana subira ya hayo?

Nami nilikuwa safarini kuelekea Ziwani, kwa yule kijana wa programu ya malaria. Programu yake ilisoma picha za damu na kuhesabu vimelea, na keshokutwa yake alikuwa aieleze yote kwenye mkutano wa Ulaya, kwa mtandao. Kwetu Kenya sheria ingemvumilia, maana mvumbuzi aliyejitangazia mwenyewe ana miezi 12 ya kuleta ombi. Ulaya hawana uvumilivu huo. Ukishasema hadharani, umejimaliza. Tulikuwa na siku mbili.

Mengine nayaruka. Ninachokumbuka ni kile chumba cha maabara na yule mzee, vidole vya zambarau kwa Giemsa, rangi ya kupaka damu ili vimelea vionekane, barakoa ameishusha kidevuni ili pumzi isitie ukungu kwenye lenzi.

"Njoo, mama wakili."

Akadondosha tone la mafuta kwenye slaidi, tone jingine likaangukia daftari langu, akacheka, akaishusha lenzi. Nikainama.

"Unaona nini?"

"Vidoti."

"Vingapi?"

"Vitano. Hapana, sita."

Akauchukua mkono wangu, akauweka kwenye kitufe cha pembeni. "Zungusha. Polepole, kama unatafuta stesheni ya redio."

Nikazungusha. Vidoti viwili vikafifia, vikayeyuka. Vinne vikabaki pale pale, vikazidi kukolea.

"Hivyo viwili ni uchafu wa rangi," akasema. "Uchafu unaelea juu. Kimelea yeye amelala chini na damu." Kisha akaelekeza kidevu kwa kijana aliyekuwa kwenye kompyuta. "Huyu aliniletea mashine inayohesabu uchafu, mtu asiye na ugonjwa anaambiwa ana malaria kali. Nikamwambia, mashine yako ina jicho, haina kidole."

Kijana akacheka. Ndiyo maana programu yake ilikuwa ikipiga picha kadhaa za sehemu moja kwa vina tofauti, juu na chini, kisha inalinganisha kipi kimetoweka na kipi kimebaki.

Usiku ule nikaandika madai, yaani vipengele vinavyosema hataza ilinde nini. Dai la kwanza lilikuwa pana kama lango la soko, na nilijua mchunguzi yeyote wa hataza angelipunguza. La nne, la vina tofauti, ndilo lililokuwa na meno. Saa tano nikampigia kijana.

"Yule mzee, tumwandike?"

"Wakili, mzee alinipangia picha, na alinionyesha hadubini inavyotumika. Hilo la kuzungusha kila fundi wa maabara analijua."

Kuhusu kupanga picha sikuwa na tatizo. Kuiambia mashine hiki ni kimelea na hiki si kimelea, picha baada ya picha, jioni baada ya kazi, ni jasho kweli, lakini sheria haimwiti mvumbuzi anayelitoa. Lakini kidole? Kama kila fundi anajua, dai la nne lilikuwa linatafuta nini kwenye ombi langu? Ila kijana naye ana hoja: kujua kuzungusha si sawa na kuwaza kwamba mashine izungushe. Ningeweza kulitetea hili kwa upande wowote, na kutoza ada ile ile. Saa zilikuwa zinakwenda. Mvumbuzi: jina moja.

Ombi likaingia. Wafadhili wakaja, wakaondoka, ada za kila mwaka zikakosa mlipaji, ombi likafa kimya kimya kama mengi yanavyokufa. Mzee, nasikia, alistaafu. Desemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kuhusu ile DABUS kwamba mvumbuzi lazima awe mtu. Nilisoma habari hiyo nikiwa kwenye foleni ya benki, nikaisoma tena, nikapitwa na zamu yangu.

Binti aliporudi na chumvi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kabati, nimezungukwa na madaftari. Nililipata. Doa la mafuta bado lipo, karatasi inapitisha mwanga pale. Chini yake nimeandika: Mzee – uchafu unaelea juu.

"Huyo ndiye aliyeifundisha?" akauliza, akichungulia.

"Hapana, huyu alifundisha nyingine."

"Anaitwa Mzee?"