Mkoba mkubwa nimeuaga jamani

Wenzangu, mwezi wa tatu huu natembea na kamkoba kadogo tu, kale ka kukatisha kifuani, na bega langu la kulia linanishukuru maana lilishaanza kuuma mpaka usiku. Siku nilipoumwaga ule mkubwa kitandani nilicheka mwenyewe, khanga, mwavuli, chaja mbili na moja mbovu, losheni, risiti za tangu Krismasi, kijiko (cha nini sasa??) na chenji kama 4,000 hivi ambayo nilishaapa konda kanidhulumu, astaghfirullah.

Sasa hivi simu, funguo, kitambulisho na hela, basi. Kwenye daladala ya Mbagala asubuhi nakapakata mbele, simu naitoa fasta bila kuchimbachimba kama natafuta maji.

Shida ni jioni nikipitia sokoni, nyanya na vitunguu naweka wapi na mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu 2019, kwa hiyo nakunja kamfuko ka kitambaa kanakaa humohumo. Ila nikitoka na mtoto hapo narudia gunia langu, pampasi haziingii kwenye kipochi.