Usiku Mjomba Alipomhofia Kim Wexler

Mjomba wangu alikuwa karani na mkalimani katika mahakama za Mombasa hadi alipostaafu, na kwa sababu hiyo hakuwa na subira na tamthilia zinazoonyesha mawakili wakipayuka mbele ya hakimu kama wauza samaki. Breaking Bad peke yake ndiyo iliyomshinda nguvu. Aliitazama yote, sehemu zake 62, katika sahani za DVD nilizokuwa nikimpelekea kutoka Nairobi, na alipofika mwisho alikaa siku nyingi akimzungumza Walter White, yule mwalimu wa kemia wa Albuquerque aliyegeuka mpishi wa dawa za kulevya, kana kwamba ni jirani aliyepotoka mbele ya macho yake. Kwa hiyo nilipomweleza kwamba Vince Gilligan na Peter Gould wamemchukua Saul Goodman, wakili mjanja wa tamthilia ile, wakamtungia tamthilia yake mwenyewe iitwayo Better Call Saul, hakufurahi hata kidogo. Aliona wanataka kukamua ng'ombe aliyekwisha kukauka.

Hoja yake ilikuwa nzito, nami niliiheshimu. Aliniambia, "Mwanangu, Saul nimemwona hadi mwisho. Nimemwona akipewa jina jipya na kutorokea Nebraska. Kama hadithi hii inasimulia maisha yake ya kabla ya hapo, basi hata akiwekewa bastola kichwani najua hafi. Sasa nimhofie nini?" Hakuna anayetunga tamthilia kutokana na nyingine iliyosifiwa asiyekutana na swali hilo, hasa anapochagua kurudi nyuma kwa wakati badala ya kusonga mbele. Mtazamaji anakuja akiwa na mapenzi makubwa na majibu tayari, na mapenzi hayo ndiyo yanayomfanya awe mkali, kwa kuwa hataki kitu alichokipenda kichezewe.

Kwa kuniridhi tu, alitazama misimu miwili ya kwanza baada ya nyumba yake ya Kibokoni kuwekewa intaneti, na kila tulipozungumza kwa simu alikuwa na lalamiko lile lile. Alimpenda Jonathan Banks katika nafasi ya Mike, polisi wa zamani aliyeonekana pia katika Breaking Bad, na ile sehemu ya msimu wa kwanza inayoeleza jinsi mwanawe Mike, aliyekuwa polisi, alivyouawa na polisi wenzake ilimgusa sana, lakini hata hapo aliniambia kwamba huzuni aliipata, hofu hakuipata. Msimu wa tatu ulipoanza mwezi wa Aprili mwaka wa 2017 na Gus Fring, yule mfanyabiashara wa dawa za kulevya wa Breaking Bad, akatokea tena katika mkahawa wake wa kuku, Mjomba alipiga makofi kama aliyempokea msafiri wa siku nyingi, kisha papo hapo akasema, "Huyu naye najua atakavyokufa." Nilimwelewa. Hata leo naona kwamba upande ule wa wauza dawa, pamoja na ustadi wake wote, ndio ulioelemewa zaidi na tamthilia mama, kwa sababu watu wake wengi walikuwa wamekwisha kuandikiwa kifo au uhai miaka mingi kabla.

Usiku ninaoukumbuka ni wa mwezi wa Mei mwaka huo huo. Nilikuwa nimeshuka Mombasa mwishoni mwa juma, masika yamekolea, na baada ya sala ya isha mkaza mjomba alituletea visheti na birika la kahawa chungu, akaketi nasi akiwa na ushonaji wake mapajani. Niliunganisha tarakilishi yangu na televisheni. Sehemu tuliyokuwa tumeifikia ilikuwa ya tano katika msimu wa tatu, ile iitwayo Chicanery, ambayo karibu yote inafanyika ndani ya chumba kimoja ambamo chama cha mawakili cha New Mexico kinasikiliza mashtaka ya kinidhamu dhidi ya Jimmy McGill, yaani Saul kabla hajajiita Saul.

Mjomba alipoona meza zimepangwa, wajumbe wa kamati wameketi na shahidi anaapishwa, aliweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze tamthilia hiyo hakusema neno.

Anayeshtaki ni kaka yake Jimmy mwenyewe, Chuck McGill, wakili mkubwa mwenye jina lake kwenye mlango wa kampuni, anayeamini kwamba umeme unamdhuru na kwa hiyo anaishi katika nyumba isiyo na taa wala simu. Jimmy alianzia katika chumba cha barua cha kampuni ya kaka yake, akasomea sheria kwa njia ya posta katika chuo cha American Samoa bila kumwambia mtu, akafaulu, na Chuck hakuweza kukubali kwamba yule mdogo wake mlaghai sasa naye ni wakili. Kosa analoshtakiwa ni la kweli. Jimmy alibadilisha tarakimu za anwani katika hati za mteja wa Chuck, 1216 ikawa 1261, kisha akaivunja nyumba ya kaka yake ili kuuharibu utepe uliokuwa umenasa sauti yake akikiri. Mtazamaji anajua yote hayo. Chuck anasema kweli tangu mwanzo hadi mwisho, na bado moyo wa mtazamaji uko upande wa yule mwongo. Mkaza mjomba ndiye aliyelisema hilo kwanza, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano yake. Alisema kwamba kaka anayesema kweli kwa chuki anachosha kumsikiliza.

Ulipofika wakati wa Jimmy kumhoji kaka yake, Mjomba alisogea mbele hadi ukingoni mwa kiti. Aliona kitu ambacho mimi, nisiyewahi kufanya kazi mahakamani, nisingekiona. Aliniambia nisimtazame anayeuliza, nimtazame anayejibu, kwa kuwa shahidi mwenye akili nyingi ndiye rahisi kuangusha. Hataki kuonekana ameshindwa na swali, kwa hiyo hujibu zaidi ya alichoulizwa. Na ndivyo ilivyokuwa. Jimmy anamwuliza iwapo anahisi umeme wowote karibu naye, Chuck anatambua kwamba simu iliyo mfukoni mwa mdogo wake imetolewa betri, anajiona amekwisha kuutegua mtego, na hapo ndipo anapoambiwa atazame ndani ya mfuko wake wa kifuani. Betri imo humo. Imekuwa humo kwa muda wa saa moja na dakika 43, tangu alipogongwa na mtu kwenye ngazi, na mwili wake haukuhisi kitu.

Kinachofuata ndicho kilichomnyamazisha Mjomba kwa muda mrefu. Chuck analipuka. Anaanza na zile tarakimu, akisema kwamba hawezi kamwe kukosea 1216, mwaka mmoja baada ya Magna Carta, ule mkataba wa haki wa Uingereza wa mwaka wa 1215, kisha anarudi nyuma hadi utotoni, hadi kwenye fedha ambazo Jimmy alikuwa akizichomoa katika duka la baba yao, anapaza sauti, anatema chuki ya miaka yote, halafu ghafla anaziona nyuso za wajumbe zikimtazama. Mwigizaji ni Michael McKean, ambaye watu wa rika la wazee wa Marekani walimjua zaidi kwa vichekesho, na namna anavyojishika katikati ya sentensi, akajaribu kuirudisha heshima yake kwa kuomba radhi kwa sauti ndogo, ni uigizaji ambao naamini unasimama bega kwa bega na chochote alichofanya Bryan Cranston akiwa Walter White katika tamthilia ya kwanza. Hakuna aliyekufa. Hakuna bunduki wala jangwa. Kuna ndugu wawili, betri moja ya simu na mke wa zamani wa Chuck ameketi nyuma akishuhudia yote.

Mjomba aliniomba nisimamishe kabla ya sehemu inayofuata kuanza yenyewe. Nilidhani atazungumzia mahojiano yale, lakini aliuliza jambo jingine kabisa.

"Huyu msichana wakili, huyu Kim, katika Breaking Bad yuko wapi?"

Nikamwambia hayupo.

"Hatajwi hata mara moja?"

"Hatajwi, Mjomba."

"Na huyu kaka mtu?"

"Naye hatajwi."

Alifikiri, kisha akauliza polepole, kama anayesoma hati ambayo ukurasa wake wa mwisho umenyofolewa: "Basi yamewapata nini?"

Hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo nilikuwa nimelihisi kwa miaka miwili bila kuweza kulieleza. Waandishi hawakujaribu kumfanya mtazamaji asahau anachokijua kuhusu Saul. Walikiacha kama kilivyo, kisha wakamzungushia Saul watu ambao tamthilia ya kwanza haikuwahi kuwagusa: Chuck, mshirika wake wa kampuni Howard Hamlin na zaidi ya wote Kim Wexler, aliyechezwa na Rhea Seehorn kwa utulivu unaomfanya mtazamaji amsogelee. Ukimya wa Breaking Bad juu ya watu hao, ambao mwaka wa 2009 ulikuwa ukimya wa kawaida tu kwa sababu hawakuwa wamebuniwa, uligeuka kuwa chanzo cha hofu. Mjomba hakuwa na haja ya kumhofia Saul. Alikuwa na kila sababu ya kumhofia Kim, kwa kuwa mwanamke anayependwa kiasi hiki na Jimmy hawezi kukosekana katika maisha ya Saul bila jambo zito kutokea.

Nilimpa mfano wa Frasier, tamthilia ya vichekesho iliyozaliwa na Cheers mwaka wa 1993 ikadumu misimu 11 sawasawa na mama yake. Wale nao walimwondoa daktari wao wa akili kutoka baa ya Boston, wakampeleka Seattle na kumpa baba na ndugu ambao watazamaji wa Cheers hawakuwa wamewahi kuwaona. Joey, iliyotokana na Friends, ilimpa mhusika wake jamaa wapya pia, lakini haikupita misimu miwili, na kwa maoni yangu ni kwa sababu hakuna mmoja kati yao aliyehatarisha chochote. Mjomba alinisikiliza, kisha akasema, "Kuzaa si kazi, kazi kulea," akaniamuru nibonyeze tuendelee. Tulikesha. Mkaza mjomba, ambaye alikuwa amesema anakaa kidogo tu, alikunja ushonaji wake alfajiri.

Tangu usiku huo Mjomba hakulalamika tena kwamba anajua mwisho. Aliendelea kuwa mgumu kuhusu sehemu za Gus na maabara iliyokuwa ikijengwa chini ya ardhi, ambazo aliziona ndefu, nami nilikubaliana naye. Lakini Chuck alipofariki mwishoni mwa msimu ule wa tatu alinipigia simu, na katika misimu iliyofuata swali lake la kwanza lilikuwa daima lile lile: Kim bado yuko?

Tamthilia ilimalizika tarehe 15 Agosti 2022, ikiwa na sehemu 63, moja zaidi ya mama yake. Mwisho wenyewe unarudi mahakamani. Saul, ambaye kwa ulimi wake alikuwa amekwisha kupata makubaliano ya kifungo cha miaka saba na nusu, anasimama mbele ya hakimu huku Kim akiwa ameketi nyuma, anakiri aliyomfanyia Chuck, jambo ambalo hata si kosa la jinai, analirudisha jina lake la McGill na kupewa miaka 86. Mjomba alisema kwamba katika miaka yake yote ya kutafsiri maneno ya washtakiwa hakupata kuona mtu akijiongezea kifungo kwa hiari yake, na kwamba hata hivyo alimwamini huyu. Nilipomwambia kwamba tamthilia hii iliteuliwa mara 53 kuwania tuzo za Emmy bila kushinda hata moja, ilhali Breaking Bad ilishinda 16, aliniuliza ni majaji gani hao wasiosoma faili hadi mwisho.

Hakukubali, hata hivyo, kwamba mtoto amempita mama. Kwake Breaking Bad ilikuwa na kishindo ambacho Better Call Saul haikukitafuta, na kwangu mimi Better Call Saul ilikuwa na huruma ambayo Breaking Bad haikuihitaji. Hatujapatana hadi leo. Alichotaka siku ile ni kuanza upya pamoja na mkaza mjomba, safari hii kwa mpangilio wa miaka ya hadithi yenyewe, kutoka mwaka wa 2002 wa Jimmy hadi 2008 wa Walter White. Nilimwambia mpangilio huo hautakaa sawa, kwa kuwa vipande vya rangi nyeusi na nyeupe vinavyomwonyesha Saul mafichoni Omaha, kule Nebraska, havieleweki kwa asiyeijua Breaking Bad. Akanijibu kwamba vipande hivyo atamweleza mkewe mwenyewe, kwani anachotaka ni kumwona Saul akiingia kwa mara ya kwanza katika Breaking Bad, na suti zake na mizaha yake, huku mkewe akijua tayari ni nani asiyekuwepo.