Itafutie pikipiki yake

"Keria nzuri. Sasa itafutie pikipiki yake."

Ndivyo alivyosema Baba Mdogo Jumapili, kikombe cha chai mkononi, wala hakucheka. Keria, yaani kibebea mizigo cha nyuma ya pikipiki, niliichomelea mimi kwa ajili ya pikipiki yake, na haikuingia. Tangu hapo kila nikiwasha grenda nayasikia maneno yale. Jumanne barua ya kazi ya Rehema imekuja, anakwenda Dodoma, nyumba nzima vigelegele. Mimi niko gereji na tepu.

Matundu ya miguu ya nyuma yalikuwa yameachana milimita 212 kabla ya kuchomelea. Baadaye, 208. Boliti ya M8, yaani ya unene wa milimita 8, haina huruma na milimita nne. Pembe zote nilizichomelea upande wa ndani tu, mkupuo mmoja, keria imelala sakafuni haijabanwa popote. Mchomo ukipoa husinyaa, na ukisinyaa huvuta miguu upande wake.

"Si nitapanua tundu kwa tupa, Baba Mdogo?"

"Panua. Halafu barabara ya Kilosa ikukazie boliti."

Hilo la pili ndilo lililouma zaidi, kwa sababu ni kweli. Tundu likiwa refu, boliti inashikilia kwa kukazwa peke yake. Mtetemo ukiilegeza kidogo inaanza kucheza, inakula tundu, mwisho inakatika na mzigo uko juu.

Alhamisi nikakata zile pembe, nikaanza upya. Nimetoboa kipande cha bati nene la milimita 6, matundu mawili yaliyoachana 212 kamili, nikasimamisha boliti za M8 na kuifungia miguu hapo. Kila kiungo nikakishikiza kwanza kwa nukta mbili, nikapima ulalo kwa ulalo. Ndipo nikachomelea sentimita mbili, nikahamia pembe ya mkabala, sentimita mbili tena, ndani na nje. Bomba langu lina unene wa milimita 1.5, Jumapili nililitoboa mara tatu kwa rodi ya 2.5 na ampea 90. Safari hii rodi ya milimita 2, ampea 50, halikutoboka. (Yale mabomba ya geti aliyotaka kunipa jirani nimeyakataa: yamepakwa zinki, na moshi wake ukiuvuta, usiku ni homa na kutetemeka.)

Maji sikumwagia. Niliiacha ipoe ikiwa bado imefungwa, mpaka mkono ukavumilia kuigusa. Kufungua: 211.5. Matundu ya miguu nimeyatoboa kwa keekee ya milimita 8.5, kwa hiyo boliti ziliingia kwa kidole. Kwa kidole!

Baba Mdogo alikuja magharibi. Akaishika keria, akaitikisa mara mbili, akapandisha kreti ya soda, akaifunga mpira, akawasha pikipiki akaondoka. Hata "asante" hakusema, na mimi nimetabasamu hadi wakati wa kula.

Ila paka wa Rehema tangu jana hajagusa dagaa.