Mlango wa Mugisha

Usiku wa Jumatano watu 11 wamejitoa kwenye grupu langu la WhatsApp. Kosa langu ni kwamba sehemu ya 36 ya hadithi yangu imeisha na sijampandisha Vero kivukoni.

Kwa wageni: nina kiduka cha steshenari Kirumba, hapa Mwanza. Mchana natoa fotokopi na kuuza madaftari, usiku naandika hadithi za mapenzi kwenye simu na kuzituma sehemu kwa sehemu. Kumi za mwanzo bure, zilizobaki shilingi 2,000. Nimeshaandika za bosi na hausigeli wake (zinauza, msinicheke), nimeandika za mchumba aliyekwenda Dubai akarudi mtu mwingine. Hii ya sasa ndiyo imenitoa jasho.

Vero ni mwenyeji wa kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 alikuwa anarudi kutoka gulio la Bugolora, kisiwa jirani cha Ukerewe, na mdogo wake, ndani ya kivuko cha MV Nyerere. Mnajua kilichotokea. Kivuko kilikuwa kimeshakaribia gati la Bwisya, watu wa nchi kavu wanaonekana kwa macho, kikapinduka. Walikufa watu zaidi ya 220. Vero alitoka, mdogo wake hakutoka.

Nilipoanza kuandika nilifuata njia ninayoijua. Anatokea mwanamume mpole, anamkumbatia, Vero analia kifuani mwake sehemu mbili nzima, asubuhi anaamka mzima kabisa. Niliandika hivyo kweli, sehemu ya 14 mpaka ya 16. Nikazisoma dukani nikisubiri umeme urudi, nikaona aibu. Nikafuta zote.

Ikabidi nimwangalie Vero upya. Mtu kama yeye anaishije mjini? Nikamwona ndani ya daladala. Konda anaita, "Sogeeni nyuma, nafasi ipo!" na Vero anahesabu vichwa. Wakianza kusimama, anashuka. Nauli anaisamehe. Mugisha, mpenzi wake, fundi wa mitumbwi kule soko la samaki la Mwaloni, mara ya kwanza anaona haya, watu wanawatazama. Mara ya pili ananuna. Mara ya tatu anashuka naye bila kuuliza, wanatembea kutoka Buzuruga hadi Kirumba kwa miguu, wananunua mahindi ya kuchoma njiani, na viatu vya Vero vinakatika mkanda. Hakuna busu hata moja kwenye sehemu hiyo, na ndiyo iliyosambazwa kuliko zote nilizowahi kuandika.

Mugisha naye ana lake. Siku moja Vero anampelekea chakula, mikono imejaa mabakuli, basi anagonga mlango kwa kiwiko. Kimya. Anagonga tena kwa nguvu. Taa inawaka ndani, redio inasikika, mtu hafungui. Hapo grupu lilichafuka! Sauti zikamiminika: "Dada mwandishi, kuna mwanamke humo ndani!" "Mwambie Vero amwagie huo mchuzi mlangoni aondoke!"

Hakukuwa na mwanamke. Mugisha alikuwa amekaa sakafuni, ameziba masikio.

Jambo hili sikulitunga. Mei 21 mwaka 1996, MV Bukoba ilipopinduka ikija Mwanza, ilikaa saa kadhaa tumbo juu ikielea. Watu waliofika pale walisikia wenzao wakigonga bati kutoka ndani. Walipotoboa ili wawatoe, hewa ikatoka, meli ikazama nao. Baba yangu mdogo alikuwa mvuvi, na alikuwa mmoja wa waliokwenda na mitumbwi. Mimi nilikuwa darasa la pili. Ninachokumbuka ni kwamba baada ya msiba ule, nyumbani kwetu kugonga mlango kukawa kosa la kuchapwa. Ukija, unapiga hodi kwa mdomo, unasubiri. Wageni wakigonga, baba mdogo alikuwa anatoka kwa mlango wa nyuma, anaenda kukaa chini ya mwembe mpaka waondoke. Tulimwita mkali. Nimefika miaka thelathini na ushee ndipo nikaelewa, na hata hivyo si yeye aliyeniambia. Aliniambia shangazi, tukiwa Igoma kwenye makaburi ya wale wa meli, tunang'oa majani.

Kwa hiyo Mugisha nikampa umri wa miaka 16 siku ile, utingo kwenye mtumbwi wa mjomba wake.

Sasa turudi kwenye ugomvi wetu wa Jumatano. Wasomaji walitaka sehemu ya 36 Vero apande kivuko kwenda Ukara, Mugisha amemshika mkono, jua linazama, ndoa imekaribia. Mimi nimewapeleka hadi Bugolora. Vero akasimama gatini na tiketi mkononi. Akahesabu watu. Mugisha hakumwambia "jikaze" wala "nipo nawe". Alisema tu, "Hapa kuna mama anauza sato, twende tuone bei." Kivuko kikaondoka. Wakanunua sato wawili wakarudi Nansio, mjini Ukerewe.

Msomaji mmoja ameniambia nimemlia pesa yake. Mwingine anasema huo si uponyaji, ni uoga. Labda. Ila usiku ule ule nilipata ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja ambaye hajawahi kuandika chochote kwenye grupu, hata emoji. Lafudhi ya Ukara kabisa. "Mwanangu, mimi nilipanda mwaka wa tatu. Nilifumba macho njia nzima, nikatapika. Wewe usimharakishe huyo binti."

Jana jioni nikamsomea baba mdogo ile sehemu ya mabakuli. Siku hizi macho yake hayaoni vizuri, lazima asomewe. Nilitetemeka sauti mpaka nikajifanya nina mafua. Alisikiliza mpaka mwisho akitafuna mchembe, kile kiazi kitamu kilichokaushwa, akanyamaza sana, nikadhani amesinzia.

"Huyo Vero," akauliza, "siku hizi akija anapiga hodi?"

"Anapiga hodi, baba mdogo. Akiwa bado kule barabarani anaanza kuita."

"Kwa sauti?"

"Mtaa mzima unasikia."

Akacheka. Akaomba nimpe mchembe mwingine.