Jinsi nilivyobadilisha difu ya Datsun 240Z ya baba

Mlio ulitoka nyuma kila nikiachia mafuta. Nikikanyaga, kimya. Nikiachia, "uuuuu", kama nyuki ndani ya debe. Kisha kikaongezeka kishindo: nikitia gia tu, "ngo!" chini ya kiti.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya 1972, nimerithi kwa baba. Aliipenda aina hiyo tangu Herrmann na Schüller waliposhinda nayo Safari Rally ya 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia 1973. Kwa hiyo sikutaka kulivalisha difu (sanduku la gia za nyuma linalopeleka nguvu kwa magurudumu) ya gari lingine.

Nilianza na kile kishindo. Raba ya mbele inayoshika difu ilikuwa imepasuka hata kidole kinapita. Nikaibadilisha pamoja na krosi mbili (viungo vinavyopinda) za ekseli, kishindo kikaisha. Mlio ukabaki palepale. Nilipomwaga oili, ikatoka inametameta kama imetiwa unga wa fedha.

Nilimpelekea mzee mmoja fundi akaipaka kidoleni, akaisugua. "Kijana, beringi ya pinioni imekwisha. Lakini ukiifungua bila vifaa vya kupimia, utaua na krauni." Nafasi kati ya meno ya krauni (gia kubwa ya duara) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) hupangwa kwa vibati vyembamba, na kosa la sehemu ndogo ya milimita linatosha kuleta kelele upya. Nikamwamini, nikatafuta difu nzima iliyotumika: aina ya R180, yenye krauni ya kipenyo cha milimita 180.

Nilipoipata Kirinyaga Road, Nairobi, sikulipa mpaka nimehesabu uwiano wa gia zake. Nilipiga alama ya chaki kwenye flenji (sahani ya kufungia shafti) ya pinioni, nikazungusha flenji zote mbili za pembeni kwa pamoja mzunguko mmoja. Pinioni ikaenda karibu mara nne, pungufu kidogo. Ndiyo uwiano wa 3.9, sawa na yangu. Ingekuwa tofauti, hata spidomita ingenidanganya.

Kushusha kulichukua Jumamosi nzima. Gari juu ya stendi nne, egzosi pembeni, propela (shafti inayoleta nguvu kutoka giaboksi) na ekseli zikafunguliwa baada ya kuzitia alama ya rangi ili zirudi zilivyokuwa. Bolti moja ya ekseli ilikataa. Niliilowesha mafuta ya kulegeza kutu, nikalala, asubuhi ikakubali. Difu haibebwi na mtu mmoja akiwa chali: iwekee jeki ya gereji kabla hujagusa nati mbili za baa ya nyuma inayoishikilia.

Na jambo ninalolisisitiza sana: kabla ya kufunga ile mpya, hakikisha bolti ya kujazia oili inafunguka. Ikigoma ukiwa umeshapandisha, utaishusha tena. Nilitia oili ya gia ya 80W-90, kama lita moja, hadi ikaanza kuchuruzika tunduni.

Jumapili jioni niliteremka kuelekea Mai Mahiu, mteremko mrefu ambao ndio ulikuwa unanichosha masikio. Nikaachia mafuta. Nikausikia upepo dirishani, na injini, basi.