Usiku wa Sensa, Majengo

Jumatatu ya tarehe 24 Agosti 2009, Ramadhani ikiwa na siku mbili tatu tu, karani wa sensa alibisha hodi kwetu Majengo, mtaani Pumwani, Nairobi, tukiwa ndio kwanza tumefuturu. Umeme ulikuwa wa mgao mwaka huo kwa sababu ya ukame, kwa hiyo taa ya chemni ndiyo iliyokuwa mezani, kati ya birika la uji wa pilipili manga na sahani ya viazi karai ambayo mjomba alikuwa bado hajaachana nayo. Namba ya nyumba ilikuwa imekwisha kuandikwa mlangoni kwa chaki, na nyanya alikuwa amewakataza watoto wa wapangaji wasiiguse.

Karani alikuwa kijana aliyenizidi miaka mitatu minne, mwenye penseli na raba, na maswali yake ya mwanzo yalikwenda haraka: umri, elimu, paa la nini, choo cha namna gani. Alipouliza tuna ng'ombe wangapi, mjomba alimwonyesha paka. Kisha akauliza kabila, na kicheko kikakatika.

Haikuwa imetimia miaka miwili tangu machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na swali hilo lilikuwa bado na harufu ya moshi. Mimi binafsi nilikuwa nimeulizwa ndani ya matatu, nikiwa na miaka kumi na saba, na vijana waliotusimamisha njiani wakikagua vitambulisho ili wasome majina. Sikuwa na kitambulisho, na majina yangu yote mawili ni ya Kiislamu, hayawezi kumwambia mtu lolote kuhusu kabila. Wakanitaka niseme neno moja kwa lugha ya mama. Nikawaambia kwa Kiswahili kwamba sina nyingine. Walicheka wakaniacha, nami nikafika nyumbani salama na kicheko chao masikioni.

Nilikuwa nimewaambia kweli. Baba yangu ni Mwanga, yaani Mluhya wa Mumias, dereva wa lori, na usiku ule wa sensa alikuwa njiani, akahesabiwe huko alikolala kama utaratibu ulivyotaka. Mama alizaliwa Majengo. Nilipopelekwa Mumias likizoni niliitwa Mswahili, kwa sauti ya mtu anayeangalia mfuko wake. Nilipokwenda Mombasa ilitosha kufungua kinywa ili niitwe mtu wa bara. Na Nairobi yenyewe, mji niliozaliwa, ukimwambia mtu kwenu ni Majengo atakujibu: "Hapana, kwenu kabisa."

Nyanya hakungoja kuulizwa mara ya pili. "Andika Mswahili."

Karani alisita, kidole kikiwa juu ya orodha yake. Akasema lafudhi ya nyanya ilimfanya adhani ni mtu wa kwao, kisha akaongeza maneno kwa Kikamba. Nyanya akamjibu, tena si kwa neno moja bali kwa maelezo marefu yaliyotiririka bila kukwama, hata wote wawili wakacheka. Miaka yote kumi na tisa sikuwahi kumsikia akisema Kikamba isipokuwa anapojikwaa.

"Hiyo ni lugha ya mama yangu," akasema, akirudi kwenye Kiswahili. "Mimi andika Mswahili."

Alikuwa na haki yake. Pumwani ilianzishwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1920 ili kuwakusanya Waafrika wa Nairobi mahali pamoja, na wengi wa waliojijengea nyumba humo walikuwa Waislamu waliotoka kila pembe. Miongoni mwao walikuwamo wanawake waliomiliki nyumba kwa majina yao na kukodisha vyumba. Nyanya alifika kutoka Machakos miaka ya 1940 akiwa msichana, akapanga chumba kwa bibi mmoja asiye na mtoto, akasilimu mkononi mwake, akapewa jina, akamuuguza hadi kufa kwake, na akaachiwa nyumba ile ile tuliyokuwa tukihesabiwa ndani yake. Hata jina la baba alilomtajia karani lilikuwa la baba wa bibi yule.

Mama akasema yeye ameolewa Mumias, kwa hiyo aandikwe Mluhya. Nyanya alimtazama kwa pembe ya jicho. Zamu yangu ilipofika karani hakuuliza. Mtoto hufuata baba, na penseli ilikuwa tayari inakwenda. Nikamwambia afute, aandike Mkenya, jambo ambalo sensa ile iliruhusu. Akasugua kwa raba, akapuliza vumbi lake, akaandika.

Nyanya alinyamaza hadi mgeni alipokwisha kula viazi viwili na kuaga. Ndipo akasema: "Mkenya ni kitambulisho. Wewe uliulizwa watu wako."

Nilikuwa na hotuba tayari, ya umoja wa taifa na damu iliyomwagika kwa sababu ya makabila, nikaitoa yote. Ilikuwa kweli tupu, ila haikuwa sababu yangu. Uluhya niliona sina lugha ya kuudai, na Uswahili niliogopa kuchekwa na watu wa pwani. Mkenya lilikuwa jibu ambalo baada yake hakuna anayeuliza swali la pili. Nadhani nyanya aliliona hilo, kwa sababu hakubishana nami. Aliniambia tu nitoe vyombo.

Matokeo yalitangazwa tarehe 31 Agosti 2010, katika Ramadhani nyingine. Nilimsomea gazeti kibarazani: watu 38,610,097 nchi nzima, Waluhya 5,338,666, mama akiwamo, waliojitaja kuwa Wakenya tu, 610,122, Waswahili 110,614. Watu wa nyumba moja, tuliokula sahani moja, tulikuwa tumetawanywa katika mistari mitatu ya jedwali.

Nyanya alinitaka nirudie ile ya mwisho.

"Laki moja na kitu? Kenya nzima?" Akatikisa kichwa. "Basi walioogopa ni wengi, si wewe peke yako."